Kuchagua Kijiji cha Kuishi Karibu na Jiji

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, kwa barua na hata nikiwa njiani. Mkulima anasema: "Bwana shamba, nataka kuhama. Nataka nikae kijijini, lakini karibu na Dar es Salaam, nilime mboga nikauze mjini. Je, nichague kijiji gani?"

Ndugu zangu, kijiji sitakitaja. Nikikitaja leo, kesho madalali watakuwa wamefika kabla yenu. Ninachoweza ni kuwaambia mwezi wa kwenda kukitazama, na watu wa kuwauliza mkifika. Tuchukue nchi ya Pwani, yaani Kisarawe, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo, maana ndiko ninakotembea na huko ndiko watu wanakokimbilia. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wa Pwani ulikuwa na watu kama milioni 1 na laki 1. Sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 2. Kwa hiyo, wewe unayefikiri kuhama huko, hufikiri peke yako.

Nianze na habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alifanya kazi mjini miaka mingi. Alipostaafu alisema hataki kuzeekea chumba cha kupanga, akamchukua mama mdogo wakaenda kutazama shamba katika kijiji kimoja. Ilikuwa mwezi wa Mei. Ninyi mnaijua Pwani mwezi wa Mei: masika imekolea, majani yamefika kiunoni, kisima kimejaa hata mtoto anachota kwa kuinama. Shamba ni ekari 4, na barabara ya lami inaonekana kwa macho. Kabla ya kulipa alinipigia simu, "Mwanangu, njoo unitazamie udongo." Nikamjibu nina semina, nitakuja mwezi ujao. Mwezi ujao alikuwa amekwisha kulipa. Nalisema hili mbele yenu kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na bwana shamba naye hukosea.

Ilipofika Septemba kisima kile kilibaki tope. Mama mdogo akawa anaamka saa 9 usiku kufuata maji kijiji cha pili, na mchicha alioupanda ulikufa kwenye tuta. Hapo bado. Mwezi wa Novemba, watu wanapopanda mbegu za vuli, wakaja jamaa wa pale kijijini na majembe yao. Wakasema ekari 2 kati ya zile 4 ni shamba la mama yao, walilipumzisha tu. Baba mdogo akatoa karatasi yake. Ilikuwa na sahihi ya muuzaji, ya dalali, na ya mashahidi wawili ambao dalali alikuja nao. Mkutano wa kijiji haukuwahi kusikia habari hiyo.

Basi, tuanze na maji. Usinunue shamba la Pwani wakati wa masika. Nenda mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla vuli haijaanza. Maji utakayoyakuta wakati huo ndiyo maji ya kijiji hicho. Usimwulize mwenye shamba, nenda kisimani asubuhi, ukae, utazame. Foleni ya ndoo ni ndefu kiasi gani? Mtu akichota, maji yanachukua muda gani kurudi? Onja maji yenyewe. Sehemu zilizo karibu na bahari visima vingine vina chumvi, na vikivutwa sana kwa mashine chumvi huzidi. Chukua kipande cha sabuni, nawa mikono. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji hayo ni magumu. Na yakiwa na ladha ya chumvi, bustani ya nyanya utakayoimwagilia kila siku haitakushukuru.

Tukija kwenye udongo, chimba shimo lifike magotini. Sehemu kubwa ya Pwani ni kichanga. Mkorosho unakipenda, muhogo unakivumilia, na mnazi pia. Kwa hiyo ukiona mikorosho imestawi usiseme, "Hapa kabichi itakubali." Kichanga hakishiki maji wala chakula cha mmea, mvua moja kubwa inateremsha mbolea mahali mizizi ya mboga haifiki. Lowesha udongo kidogo, uviringishe viganjani kama unatengeneza kamba. Ukikatika mara moja, ni kichanga, na kila msimu utahitaji samadi. Hapo uliza nani anafuga karibu. Pwani siku hizi kuna mabanda mengi ya kuku, na mbolea yake ni nzuri ikioza sawasawa. Mbichi inaunguza. Kamba ikikunjika bila kukatika, umepata mfinyanzi. Bondeni, kama kando ya mto Ruvu, utakuta mbuga nyeusi. Hiyo ni mali kwa mpunga, lakini masika ikifika maji hukaa juu yake. Lima mbugani, nyumba ijenge mwinuko.

Sasa kuna huu ukaribu na mji. Watu wengi wanauhesabu kwa kilometa, nami nasema tuuhesabu kwa saa, na tutazame kwanza tunapeleka nini. Mchicha unavunwa baada ya wiki 3 au 4 tangu kupandwa, lakini ukishang'olewa haukungoji. Jua la saa 5 likiukuta garini umepoteza nusu ya bei. Maziwa ni hayo hayo, yanataka saa chache tu kama hayajapozwa. Muhogo mbichi huanza kuharibika siku ya 2 au ya 3. Mananasi, kama yale ya Kiwangwa kule Bagamoyo, yanavumilia safari. Korosho zilizokaushwa vizuri hazina haraka na mtu. Kwa hiyo mwenye mikorosho hana sababu ya kulipa bei kubwa ya shamba la kando ya lami, na mwenye mchicha hana la kufanya huko ndani hata akipewa ekari bure.

Barabara yenyewe itazame pia, na hii ndiyo safari moja ninayokuruhusu kuifanya mwezi wa Aprili. Kilometa 8 za udongo mweusi wakati wa masika zinaweza kuwa ndefu kuliko kilometa 50 za lami. Uliza gari la mizigo linaondoka saa ngapi, na linafika wapi: Temeke, Buguruni au Mabibo. Kama linapita saa 9 za usiku, basi utalala barabarani na matenga yako. Uliza nauli ya tenga moja, si nauli ya mtu. Shule na zahanati navyo viulizwe, lakini hayo kila mzazi anayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Narudi kwenye ardhi, maana hapa ndipo watu wanapolia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka ardhi ya kijiji chini ya uangalizi wa halmashauri ya kijiji. Lakini halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Mkutano mkuu ni wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si mwenyekiti peke yake, si mtendaji peke yake, sembuse dalali. Mtu akikuambia, "Mambo ya mkutano niachie mimi," chukua kofia yako uondoke. Omba uonyeshwe muhtasari wa mkutano uliotaja jina lako. Omba kuona mpango wa matumizi ya ardhi kama kijiji kinao, ujue eneo la kilimo ni lipi, la malisho ni lipi, na msitu uliohifadhiwa unaanzia wapi. Kisarawe, kwa mfano, ipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, nayo imehifadhiwa kisheria. Anayekuuzia ndani ya mipaka ya hifadhi anakuuzia kesi. Na ukiona kichaka, usidhani ni ardhi isiyo na mwenyewe. Huenda ni shamba lililopumzishwa, kama la yule mama.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: je, hapo ni kijiji kweli, au ni mtaa? Mbagala, Kimara na Tegeta zamani palikuwa na mashamba. Leo ni mji mtupu. Mji ukifika, eneo hupimwa viwanja, na mambo ya ardhi yanatoka mikononi mwa mkutano wa kijiji. Shamba lako la ekari 3 linakuwa barabara, viwanja na duka la vifaa vya ujenzi. Pengine utafidiwa, lakini mti wa mwembe hausogezwi. Kama nia yako ni kulima hadi uzee, usijibanze sana ubavuni mwa mji.

Wazee wetu wanalo somo hili. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili shule na dawa vifike kwa urahisi. Hilo lilikuwa na faida yake. Lakini wapo waliowekwa mbali na maji na mbali na mashamba yao ya zamani, na baadaye wengine walirudi kimyakimya. Sisi leo hakuna anayetupangia. Tunaifuata barabara kwa hiari yetu.

Baba mdogo alipeleka shauri lake kwenye baraza la ardhi la kijiji. Zile ekari 2 zilirudi kwa wenyewe. Fedha za dalali hazikurudi. Mwaka uliofuata mama mdogo alisema safari hii anachagua yeye. Mwishoni mwa Septemba akazunguka vijiji vitatu, na kila kijiji alikwenda moja kwa moja kisimani akakaa na kina mama. Aliwauliza maji yanakauka mwezi gani, wakati wa njaa wanakula nini, na mgeni wa mwisho kuhamia hapo yuko wapi sasa. Kijiji cha kwanza yule mgeni alikuwa amehama. Cha pili hakuna aliyetaka kumzungumzia. Cha tatu wakamwita, akaja mwenyewe, amejitwika kuni.

Kijiji hicho kiko kilometa 11 kutoka lami. Baba mdogo alinung'unika. Hata hivyo wakaenda wote wawili kwenye mkutano, wakasimama, wakataja majina yao na wanakotoka. Mzee mmoja akawauliza, "Mnakuja kuishi, au mnakuja kuweka uzio?" Wakasema kuishi. Wakauziwa ekari 2 mbele ya mkutano, na kwenye muhtasari yakaandikwa majina yote mawili, la mume na la mke.

Safari hii niliitwa nami nikaenda. Ilikuwa Oktoba, jua kali. Nikavua viatu, nikashika jembe, nikaanza kuchimba shimo bondeni kama nilivyofundishwa. Mama mdogo akanitazama kidogo, kisha akanionyesha hatua kama 20 mbele. Palikuwa na shimo tayari, na chini yake maji yametulia.

"Lile nimelichimba juma lililopita," akasema. "Hilo lako la nini, mwanangu?"

Ndugu wakulima, muda wangu umekwisha. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kuozesha mbolea ya kuku. Kwaherini.