Presha ya Tairi na Uthabiti wa Gari Katika Barabara za Taita Taveta



Anayetembea kando ya barabara kuu kutoka mjini Voi kuelekea Maungu hukuta vipande vya mpira mweusi vimelala kwenye nyasi, vingine virefu kuliko mkono wa mtu mzima. Vingi vimetoka kwa malori yanayokwenda na kurudi bandari ya Mombasa, lakini si vyote. Vipo vya matatu, na vipo vya magari madogo ya nyumbani. Kila kipande kilikuwa sehemu ya tairi lililoanza safari likiwa zima. Wenye bahati walisimama kando, wakabadilisha tairi, wakaendelea na safari. Wasio na bahati walipelekwa hospitalini, na wengine hawakufika.

Watu wakiulizwa kwa nini matairi hupasuka katika barabara hii, jibu huwa moja: joto la Voi. Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Kwa kuamini kwamba upepo utapanuka hadi upasue tairi, madereva wengi humwambia fundi wa pancha, "Punguza kidogo, leo jua ni kali." Gari linalotakiwa kuwa na pauni 33 linaondoka na 26, na dereva anaamini amejikinga. Amefanya kinyume kabisa.

Gari halibebwi na mpira. Linabebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 huweka kama kilo 300 kwenye kila gurudumu, na sehemu ya tairi inayogusa lami wakati wowote haizidi sana kiganja cha mkono. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unapinda zaidi kila gurudumu linapozunguka. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 14 kila sekunde. Kutoka Voi hadi Mombasa litazunguka zaidi ya mara 80,000. Anayetaka kujua maana yake achukue kipande cha waya akipinde na kukikunjua haraka haraka, kisha akiguse pale kilipopindwa. Ndivyo tairi lenye upepo mdogo linavyojipika lenyewe kutoka ndani. Gundi inayoshika tabaka za mpira na nyuzi za chuma inalegea, na ganda la juu linabanduka.

Ni kweli presha hupanda tairi likipata moto. Kwa tairi la gari dogo, kila nyuzi 6 za Selsiasi huongeza takriban pauni moja, kwa hiyo lililoondoka na 33 asubuhi linaweza kusoma 37 au 38 baada ya mwendo mrefu. Waliolitengeneza walilijua hilo, na kipimo walichokiandika ni cha tairi baridi. Anayefika kituo cha mafuta pale Voi tairi likiwa moto, akaona 38, akatoa upepo hadi ibaki 33, kesho asubuhi ataamka na pauni 28 au 29. Tairi moto haliguswi isipokuwa kuongezwa upepo pale linapoonekana wazi kwamba limepungua.

Marekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Ganda la juu lilikuwa likibanduka gari likiwa kwenye kasi, na gari lenyewe, kwa kuwa lilikuwa la juu, lilipoteza mwelekeo na kubingiria. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kampuni hizo mbili zilibishana sana, moja ikilaumu gari na nyingine ikilaumu tairi, na kasoro katika matairi yenyewe ilionekana. Lakini kulikuwa na jambo jingine katika mabishano hayo: Ford ilikuwa imependekeza pauni 26, na Firestone ikasema zilipaswa kuwa 30. Ajali zilikuwa nyingi zaidi katika majimbo yenye joto kama Texas, Arizona na Florida, ambako watu huendesha mbali, kwa kasi, na mizigo ndani. Joto, kasi, mzigo na upepo mdogo. Mtu wa Voi anazijua zote nne.

Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya nchini humo lazima liwe na taa ya kumwonya dereva presha ikishuka. Magari mengi yanayoingia Kenya yakiwa yametumika Japani hayana taa hiyo, au ilishazimika zamani na hakuna aliyejali. Macho pia hayatoshi. Tairi la kisasa lenye pauni 24 linafanana sana na lenye 33, na kulipiga teke, jambo ambalo hata madereva wazoefu hulifanya kwa kujiamini, hakupimi kitu chochote.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango. Kwa magari ya Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 220, 230 au 240, mara nyingi pamoja na 2.2, 2.3 au 2.4. Hizo ni kilopaskali. 220 ni sawa na pauni 32, 230 ni kama 33, na 240 ni kama 35. Mara nyingine matairi ya mbele na ya nyuma hupewa namba tofauti, na hiyo ina sababu yake. Namba kubwa iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi, kama 44 au 51, ni kikomo ambacho tairi halipaswi kujazwa kupita hapo. Haikuandikwa kwa ajili ya gari la mtu fulani, na fundi anayejaza kwa kuifuata namba hiyo anakosea.

Kuhusu usukani, tofauti ya presha hujionyesha kwa njia mbalimbali. Matairi ya mbele yakiwa na upepo mdogo, gari huchelewa kuitikia. Dereva anakata kona, ubavu wa tairi unalala kwanza, kisha ndipo gari linageuka, na kwenye kona hutoka nje kuliko alivyokusudia. Matairi ya nyuma yakiwa ndiyo mepesi, hatari ni kubwa zaidi, maana mkia ndio unaoteleza na gari linataka kuzunguka. Kwa kilometa 40 dereva huenda asihisi lolote. Kwa 100, punda akiingia barabarani pale Ndii, au tembo akitokea gizani karibu na Manyani, dereva atavuta usukani upande mmoja na kuurudisha kwa nguvu. Ni ule mrudisho wa pili unaoyaangusha magari, hasa ya juu na yaliyopakia mizigo kwenye keria, kwa sababu mkia uliolegea unafuata kwa kuchelewa na kwa nguvu nyingi.

Mvua inazidisha mambo. Katika miaka ya 1960, watafiti wa NASA waliochunguza magurudumu ya ndege walipata hesabu inayoonyesha kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji badala ya kuyasukuma kando. Kasi hiyo hutegemea zaidi presha. Kwa pauni 32 ni kama kilometa 94 kwa saa. Kwa 24 ni kama 82, na kwa 20 ni kama 74. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, na tairi lenye kashata zilizoisha huelea mapema zaidi. Mvua za Novemba zikishuka ghafla kwenye lami iliyojaa vumbi na mafuta ya miezi mingi, dereva aliyepunguza upepo kwa sababu ya joto hujikuta ameushika usukani usioelekeza chochote.

Kuna pia wanaopita upande wa pili na kujaza kupita kiasi, wakitaka gari liwe jepesi na lile mafuta kidogo. Tairi gumu hugusa barabara kwa kifua chake tu. Kwenye murram yenye mawimbi, kama zile njia za kuelekea Kasigau, gurudumu linarukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki breki.

Jiografia ya kaunti hii nayo ina mchezo wake. Wundanyi iko juu ya Voi kwa mita zipatazo 800, na hewa ya mlimani ina mgandamizo mdogo. Tairi lililojazwa Wundanyi likiteremshwa hadi Voi husoma pungufu kwa pauni moja na kidogo, kwa sababu ya mwinuko peke yake. Joto la bonde huongeza pauni mbili hivi na kulifidia, kwa hiyo mchana geji haionyeshi tatizo. Usiku ukipoa, upungufu unajitokeza. Kwa anayetoka Nairobi kwenda Mombasa, mwinuko peke yake hupunguza zaidi ya pauni mbili. Ndiyo maana kipimo cha kutegemewa ni cha asubuhi, pale gari lilipolala, kabla halijakwenda hata kilometa tatu.

Mzigo haupaswi kusahaulika. Gari la Probox linalopakia ndizi Taveta au kabeji za mlimani kwenda Mombasa si lile lile lililompeleka mwenyewe kanisani Jumapili. Kibandiko mara nyingi hutoa namba ya pili ya gari lililojaa, na matairi ya matatu na ya magari ya mizigo hutakiwa kuwa na upepo mwingi zaidi. Kwa malori yenye magurudumu mapacha nyuma, la ndani ndilo husahaulika kwa kuwa valvu yake haifikiwi kirahisi. Likipungua, pacha wake hubeba uzito wa wawili, na yote mawili huharibika. Wanaoingia kwenye mchanga hupunguza upepo ili wasizame, na wanafanya vizuri. Shida ni kurudi kwenye lami na kukanyaga mafuta bila kupita kwanza kwa fundi.

Umri wa tairi husomwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lililokauka kwa jua la miaka kumi ni la bei nafuu mpaka siku linapobanduka.

Tairi likipasuka kwenye kasi, mguu haupaswi kurukia breki. Dereva aushike usukani kwa mikono yote miwili, alielekeze gari mbele katika mstari wake, aachie mafuta polepole na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Breki ni baadaye, taratibu, gari likishatulia. Kisha atoke kabisa nje ya lami, na abiria wasimame mbali na barabara, hasa usiku. Kati ya Voi na Mtito Andei barabara inapita katikati ya hifadhi za Tsavo, kwa hiyo kutangatanga vichakani si jambo la busara pia.

Geji ndogo ya mkononi hupatikana kwenye maduka ya vipuri mjini Voi kwa bei isiyozidi sana lita chache za petroli. Mara moja kwa wiki inatosha, na kabla ya kila safari ndefu. Na wakati wa kupima, tairi la akiba nalo litolewe mahali lilipofichwa, chini ya godoro, mwavuli na jeriken, lipimwe, maana ndilo ambalo watu wengi huligundua halina upepo wakiwa tayari wamesimama kando ya barabara.