Kesi Iko Garissa, Wewe Uko Burma

Maneno ya mazungumzo na vijana, Soko la Burma



Ndugu zangu na dada zangu, sitawachosha. Najua wengine mmeacha meza zenu na jirani na roho iko huko.

Leo naongea juu ya samansi. Zamani ililetwa na mtu mwenye bahasha, mtaa mzima ukajua. Siku hizi inaingia kwa WhatsApp, katikati ya vichekesho na kadi za harusi. Tangu kanuni za mahakama zilipobadilishwa mwaka 2020, hati zikitumwa kwa simu unayotumia, hesabu kwamba umepewa. Usiifute. Usim-block mtu ukadhani umemaliza.

Sasa chukua mfano. Dada anauza matumbo hapa hapa Burma. Ana watoto watatu, wanasoma Kaloleni. Mumewe aliondoka, sasa anaishi Garissa. Simu inalia: mume amefungua kesi ya talaka kwa Kadhi wa Garissa, na tarehe ni wiki mbili zijazo. Kutoka hapa hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 350. Afunge meza siku mbili, alipe nauli, atafute pa kulala, watoto wabaki kwa jirani. Afike aambiwe Kadhi hayuko, rudi mwezi ujao. Mara ya tatu hatakwenda. Na asipokwenda, kesi itasikizwa upande mmoja, aletewe uamuzi kwa simu ile ile.

Kuna wanaofungua kesi mbali wakijua kabisa kwamba nauli itawashindia. Na si wanaume peke yao.

Huyu dada afanye nini?

Kwanza ajue sheria iko wapi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 15, inamwangalia anayeshtakiwa: kwa kawaida kesi hufunguliwa anapokaa au anapofanya kazi, au pale jambo lenyewe lilipotokea. (Mgogoro wa shamba au nyumba ni kando, huo hufuata mahali mali ilipo.) Mume anaweza kujibu kwamba nikaha ilifungwa Garissa. Sawa, ana hoja. Hapo kesi inaweza kuwa na makao mawili, na swali linakuwa ni wapi panafaa zaidi.

Nani anaamua? Hapa watu wengi hupotea. Wanaenda kwa Kadhi wa Nairobi wamwambie aagize faili. Hana uwezo huo. Kadhi wa kaunti moja hamwamrishi mwenzake. Anayehamisha ni Mahakama Kuu, kwa kifungu cha 17 na cha 18 cha sheria ile ile. Unapeleka ombi pamoja na hati ya kiapo, upande wa pili unapewa nakala ujibu, kisha jaji anaamua. Na kifungu cha 17 kinataka mshtakiwa aombe mapema iwezekanavyo. Ukingoja mpaka mashahidi wameshatoa ushahidi ndipo ukumbuke kwamba Garissa ni mbali, jaji atakuuliza ulikuwa wapi.

Iko kesi moja ya Uganda ya mwaka 1968, Kagenyi dhidi ya Musiramo. Majaji wetu Kenya bado wanaitaja. Inasema mzigo ni wa anayeomba. Jaji atapima gharama, usumbufu, taabu itakayompata kila upande, na haki yenyewe. Akibaki na shaka, anakataa. Kwa hivyo usiandike "ni mbali na mimi ni maskini" ukaachia hapo. Andika nauli ni shilingi ngapi kwenda na kurudi. Andika siku unazopoteza na unachopata kwa siku. Ambatanisha risiti za ushuru wa soko, barua ya shule ya watoto, barua ya chifu. Taja mashahidi wako wanaishi wapi. Kama una mtoto wa kunyonya au mgonjwa unayemuuguza, weka karatasi za kliniki. Karatasi ndiyo inaongea pale.

Jambo lingine kutoka kesi hiyo: kesi iliyofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka nayo haihamishiki. Hiyo unaomba ifutwe, mwenyewe akitaka akaanze upya panapofaa.

Wapo watakaosema, "Mimi naogopa Kadhi wa kule anajuana na shemeji zangu." Kujuana peke yake hakutoshi, na minong'ono ya msikitini si ushahidi. Kama una jambo la kuonyesha, kwanza mwombe Kadhi mwenyewe ajitoe. Binafsi naona watu wanaikimbilia hoja hii haraka mno, ilhali ya nauli na watoto ingewabeba vizuri zaidi.

Tena, kuhamisha kaunti si kumkimbia Kadhi. Kesi itatoka kwa Kadhi iende kwa Kadhi. Kama hukubali kabisa kusikizwa na mahakama ya Kadhi, hilo ni suala la Ibara ya 170 ya Katiba, inayotaka pande zote ziwe Waislamu na ziwe zimekubali mamlaka yake. Lisemwe mwanzoni, wazi.

Na watoto? Watakaa na nani, karo italipwa na nani: haya yana Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Majaji wametofautiana kuhusu Kadhi kuyagusa. Usichanganye mafaili mawili.

Sasa sikizeni hapa vizuri. Kupeleka ombi hakusimamishi kesi. Omba pia amri ya kuisimamisha, na mpaka uipate, tarehe ya Garissa ni tarehe. Andika barua kwa mahakama, nakala kwa upande wa pili, uombe kusikizwa kwa mtandao. Tangu Machi 2024 hati zinawasilishwa kimtandao nchi nzima, na mahakama nyingi husikiza kwa video. Pengine hiyo tu inatosha, na huhitaji kuhamisha chochote, maana kuhamisha nako hula miezi.

Wale vijana wanaosimama nje ya mahakama wakisema "nitakuandikia, lete elfu tano", waachane nao. Huna wakili, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, au FIDA.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tutakaa hapa tena. Mwenye samansi aje nayo, na simu yenyewe iliyoipokea, si picha ya skrini peke yake.