JE, UMEME WAWEZA KUSAFIRI BILA WAYA?
Mawazo makubwa ya Nikola Tesla yapimwa



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya Bwana Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme, na hasa juu ya swali ambalo watu huliuliza mara nyingi: je, yale mawazo yake makubwa yangeweza kutimia?

Swali hili si la kupitishia wakati tu. Siku hizi jina la mtu huyu hutumiwa na wauzaji wa visanduku vinavyodaiwa kutoa umeme wa bure. Baba atakaye taa ili watoto wake wasome usiku aweza kupoteza fedha za mavuno kwa kununua kitu kisichofanya kazi. Tena wako vijana wenye akili za ufundi ambao huitwa wendawazimu kwa sababu tu wanawaza mambo mapya. Wote hao yawafaa kujua namna ya kulipima wazo kabla ya kulikubali au kulikataa.

MTU MWENYEWE

Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa akisoma katika mji wa Graz, mwalimu wake mmoja alimwambia mbele ya darasa zima kuwa mota aliyokuwa akiiwaza haiwezekani kabisa.

Alifika New York mwaka 1884, akafanya kazi kwa muda mfupi katika kampuni ya Thomas Edison, kisha akashika njia yake. Edison alitumia umeme uendao upande mmoja tu, ambao siku zile haukuweza kupelekwa mbali kwa faida. Tesla alichagua umeme ugeukao, uendao na kurudi mara nyingi kila sekunde. Mwaka 1888 alipata hati za serikali za kulinda uvumbuzi wa mota yake, naye Bwana George Westinghouse akainunua haki ya kuitengeneza. Mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaliangazwa kwa umeme wa namna hiyo, na mwezi wa Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika katika mji wa Buffalo, mwendo wa maili 20 na zaidi. Umeme ugeukao ndio uingiao leo katika nyumba za Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Basi tukumbuke jambo hili tangu mwanzo: wazo aliloambiwa kuwa haliwezekani liliwezekana. Lakini haifuati kwamba kila wazo lake lilikuwa kweli.

Tabia zake zilikuwa za ajabu. Alipenda hesabu zigawanyikazo kwa tatu, aliogopa sana uchafu, na katika uzee wake aliwapenda njiwa wa New York kama watu wapendavyo jamaa zao. Alikufa peke yake katika chumba cha hoteli mwezi wa Januari 1943. Wengine huyataja mambo hayo ili kumcheka, na wengine ili kumtukuza. Lakini njiwa hawathibitishi wala hawakanushi chochote. Wazo hupimwa kwa kanuni za maumbile na kwa majaribio.

MNARA WA LONG ISLAND

Wazo lake kubwa kuliko yote lilikuwa kupeleka nguvu za umeme duniani kote pasipo waya. Mwaka 1899 alijenga kituo cha majaribio huko Colorado Springs, akatengeneza radi kwa mitambo ya volti mamilioni. Aliamini kwamba dunia yenyewe yaweza kutikiswa kwa umeme, kama vile ngozi ya ngoma itikisikavyo yote hata ikipigwa mahali pamoja, na kwamba mtu aliye mbali ataweza kuipokea nguvu hiyo kwa chombo kilichochomekwa ardhini.

Mwaka 1901 tajiri J. P. Morgan alikubali kumpa dola 150,000, na mnara wenye urefu wa futi 187 ukaanza kujengwa huko Wardenclyffe katika Long Island. Kazi iliyokusudiwa kwanza ilikuwa kupeleka habari ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Guglielmo Marconi alitangaza kuwa amepokea ishara iliyovuka bahari hiyo, tena kwa mitambo ya gharama ndogo zaidi. Tesla alipoomba fedha zaidi ili apeleke na nguvu pia, Morgan alikataa. Mnara haukumalizika, na mwaka 1917 ulibomolewa.

Watu wengi husema kwamba matajiri ndio waliouua umeme wa bure. Ni kweli kwamba fedha zilikosekana. Lakini hata kama Morgan angefungua hazina yake yote, je, mnara ungefanya kazi?

MBINJA NA NG'OMBE

Jibu la wataalamu ni kwamba usingefanya kazi kama Tesla alivyotumaini. Kupeleka habari ni jambo moja, na kupeleka nguvu ni jambo jingine.

Mchungaji apigapo mbinja upande huu wa bonde, mwenzake wa ng'ambo husikia na kumrudisha ng'ombe aliyepotea. Sauti iliyomfikia ni kidogo mno, lakini yatosha, kwa maana nguvu za kumrudisha ng'ombe ni zake mwenyewe. Mbinja haiwezi kumburuta ng'ombe. Redio nayo ni vivyo hivyo. Hupokea chembe ndogo sana ya nguvu iliyotoka kituoni, kisha huikuza kwa nguvu za betri yake. Lakini taa, pasi na mashine ya kusagia hazihitaji habari, zahitaji nguvu yenyewe, tena kwa wingi.

Nguvu iliyoachwa isambae pande zote hupungua upesi. Tazama taa ya kandili: ukiwa mbali nayo mara mbili, mwanga unaokufikia si nusu bali ni robo. Tesla alijibu kwamba yeye hatumii hewa bali ardhi. Lakini ardhi na hewa hupoteza nguvu nyingi njiani kwa kuzigeuza kuwa joto, na nguvu isambaayo ardhini haiendi kwa mnunuzi peke yake. Husimuliwa kwamba huko Colorado aliwasha taa 200 kutoka umbali wa maili 26, lakini habari hiyo haina ushahidi wa kutegemewa.

YALIYOTIMIA

Hata hivyo asidharauliwe. Kwa karibu, umeme huruka pasipo waya kila siku. Simu nyingi za leo huchajiwa kwa kulazwa tu juu ya kibao. Mwaka 2007 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, waliwasha taa ya wati 60 kutoka umbali wa mita 2 hivi, ingawa zaidi ya nusu ya nguvu ilipotea njiani. Mwaka 1975, huko Goldstone katika California, kilowati 30 na zaidi zilipokewa kutoka umbali wa maili moja. Lakini nguvu hizo hazikuachwa zisambae kama Tesla alivyotaka. Zilielekezwa kama mwanga wa kurunzi, na ilihitajiwa mitambo mikubwa sana. Ndiyo maana mafundi hawajaziacha waya. Umeme ulioanza kuletwa Kenya kutoka Ethiopia mwaka 2022 hupita katika waya zenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000.

Mengine aliyowaza yalitimia: mwaka 1898 alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mbali bila waya, na mwaka 1926 alitabiri simu ya kutiwa mfukoni. Mengine hayakutimia: mwaka 1934 alitangaza silaha ya kuangusha ndege 10,000 kutoka umbali wa maili 250, lakini hakuna aliyeiona ikifanya kazi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika ujana wake Tesla alionyesha chombo kwanza, kisha akasifiwa. Katika uzee wake alitangaza kwanza, na chombo hakikuonekana.

NAMNA YA KUPIMA

Basi, mtu akikuletea kisanduku cha umeme wa bure, muulize: nguvu hii yatoka wapi? Tesla mwenyewe hakusema kwamba nguvu hutoka patupu. Alikusudia maporomoko ya maji yauendeshe mnara wake. Mtu asemaye kwamba mota yake huzungusha dinamo, na dinamo hiyo hiyo huiendesha mota na kubakiza umeme wa kuuza, ni kama mtu atakaye kuujaza mtungi kwa maji anayoyateka katika mtungi ule ule, hali mengine yakimwagika njiani.

Kisha mwambie akiache kisanduku chake nyumbani kwako siku 7 mfululizo, kikiwasha taa, pasipo yeye kuwapo na pasipo wewe kutoa hata senti moja. Mwenye chombo cha kweli hataogopa. Akisema kwamba lazima ulipe kwanza, mfungulie mlango aende zake.

Nanyi vijana mnaovumbua, msife moyo mkichekwa. Jengeni chombo kidogo, kipimeni, andikeni hesabu zake daftarini, kisha mwiteni mtu asiye rafiki yenu akipime tena. Mota ya Tesla ilipita katika mtihani huo, nayo yazunguka hata leo. Mnara wake haukupita.