Watazamaji wawaachie watoto mchezo wao
(Mazungumzo kwa wazazi na walimu kuhusu michezo ya shule)



Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari huwakutanisha watoto tangu ngazi ya shule hadi taifa. Wazazi wanaokwenda kuyatazama wanastahili pongezi, kwani mtoto amwonaye mzazi wake pembeni mwa uwanja hutambua kuwa juhudi yake ina thamani. Hata hivyo, si kila sauti itokayo pembeni humsaidia mtoto. Zipo zinazomjenga, na zipo zinazombomoa.

Mpira wa pete ni mfano mzuri. Kwa mujibu wa sheria za mchezo huo, mchezaji aliyedaka mpira ana sekunde 3 tu za kuutoa au kufunga. Katika muda huo msichana wa miaka 12 hana budi kutuliza miguu, maana haruhusiwi kukimbia na mpira. Amwone mwenzake aliye wazi. Tena aepe mikono ya mpinzani. Hayo mwalimu wake amekwisha kumfundisha. Ghafla baba mmoja anapaza sauti, "Rusha mbele!" Mama mwingine anaita, "Rudisha!" Mtu wa tatu anamwita mzembe. Sekunde 3 zimekwisha, filimbi imelia, na mpira umepewa upande wa pili. Waliomchanganya ndio hao hao wanaomlaumu.

Mtoto wa namna hiyo huzoea kuwatazama wakubwa kabla ya kutenda. Ilhali michezo imewekwa shuleni ili ajifunze kuamua upesi, kukosea, na kujirekebisha mwenyewe.

Mwamuzi naye akumbukwe. Katika michezo ya shule aghalabu ni mwalimu, na pengine ni kijana anayejifunza kazi hiyo. Sheria ya 5 ya soka yasema kwamba uamuzi wake juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho. Matusi ya mtazamaji hayawezi kuubadili. Yanachoweza kufanya ni kumfundisha mtoto kwamba mwenye kushindwa ana haki ya kutukana.

Mwisho wa njia hiyo umekwisha kuonekana kwingineko. Mwezi Desemba 2012, mjini Almere, Uholanzi, Richard Nieuwenhuizen, mzazi aliyejitolea kushika kibendera katika mchezo wa timu ya mwanawe, alipigwa na wachezaji vijana wa timu pinzani, akafariki siku ya pili yake. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana 6 na, pamoja nao, mtu mzima mmoja, baba wa mmoja wa vijana hao. Aliyepaswa kuwazuia watoto alihukumiwa pamoja nao.

Mwezi Oktoba 2023 Chama cha Soka cha England kiliwaomba wazazi wa timu za watoto na vijana wakae kimya kwa siku mbili za mwisho wa wiki, wakipiga makofi tu. Hapa Tanzania hakuna haja ya kunyamazisha uwanja. Ngoma, nyimbo na vigelegele ni desturi njema, navyo humtia mtoto moyo bila kumwamuru. Kinachotakiwa kuachwa ni amri, kejeli na matusi. Ushabiki wa Simba na Yanga nao ubaki huko huko, ambako wachezaji ni watu wazima wanaolipwa mishahara.

Kwa hiyo, walimu wafunge kamba hatua chache kutoka mstari wa uwanja, na watazamaji wakae nyuma yake. Maelekezo ya mchezo yatolewe na mwalimu wa timu peke yake. Mchezo mzuri ushangiliwe, hata ukiwa wa upande wa pili. Na mtoto arudipo nyumbani, aulizwe kwanza amejifunza nini, ndipo aulizwe idadi ya mabao.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtoto hawezi kuliamini neno hilo ikiwa mzazi wake mwenyewe, aliyesimama pembeni mwa uwanja, hajalikubali.