Mgeni Apewapo Jembe: Desturi za Taifa, Uchaguzi wa Mahali, na Hulka ya Makampuni ya Kimataifa



Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, katika Mji wa Kale wa Mombasa, bibi yangu alikuwa akinituma dukani kila sikukuu ilipokaribia, nimletee doti ya khanga aitazame kabla ya kutoa fedha yake. Na kwa kuwa yeye alisoma Kurani na barua za hati ya Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hakuzijua, kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya kiti chake na kumsomea jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya khanga. Alilipapasa pindo kwa vidole, akaupeleka mji kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Soma tena." Jina likiwa halikumridhisha, au likiwa na fumbo ambalo jirani angeweza kulichukua vibaya, khanga ilirudi dukani, rangi zake ziwe nzuri namna gani. Siku moja niliona ukingoni mwa nguo maneno madogo ya Kiingereza yaliyosema kwamba imetengenezwa Ujapani, nikamwuliza kama Wajapani wanajua Kiswahili. Akanijibu, "Hawakijui, mwanangu, lakini wanajua kwamba sisi twakijua."

Jibu lile ndilo asili ya mhadhara huu. Tumezoea kuyasema makampuni ya kimataifa kana kwamba ni majahazi yasiyo na bandari, yanayotua popote penye ujira mdogo, kodi nafuu na gati yenye kina, na kuondoka upepo ugeukapo. Na tumezoea kuisema nchi inayoyapokea kana kwamba ni kiwanja kitupu kinachongoja kujengwa. Mimi nadai kinyume chake. Kampuni huzaliwa mahali, ikanyonya maziwa ya mahali pale, na kila iendako huenda na tabia ya kwao; kisha pale itakapokaa hubadilishwa na wenyeji, kidogo au sana, kwa kadiri wenyeji wenyewe wanavyojijua. Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Swali langu la jioni hii ni hili: tumekuwa tukimpa jembe gani?

Katika wanazuoni wa elimu ya makampuni ya kimataifa, wa kwanza kulitia swali la ugeni mahali pake alikuwa Stephen Hymer, Mkanada, katika tasnifu aliyoiandika mwaka 1960 kwenye chuo cha MIT huko Marekani. Aliuliza jambo ambalo kila mwenye duka angeliuliza: mgeni asiyejua lugha, wala sheria, wala nani ni ndugu wa nani, anawezaje kumshinda mwenyeji katika soko la mwenyeji? Naye akajibu kwamba mgeni huanza na hasara, na hawezi kudumu isipokuwa awe na kitu ambacho mwenyeji hana: ustadi, chombo, jina au mtaji. Basi tangu mwanzo ugeni una gharama, na gharama hiyo hailipwi ila kwa kujifunza.

Baada yake alikuja Mholanzi Geert Hofstede, aliyepata bahati ya kuzichambua dodoso zaidi ya 100,000 ambazo kampuni ya IBM iliwapa wafanyakazi wake duniani baina ya 1967 na 1973. Mwajiri alikuwa mmoja, kazi zilikuwa za aina moja, lakini majibu yalipishana kwa mataifa: jinsi watu wanavyoukubali umbali baina ya mkubwa na mdogo, jinsi wanavyoogopa jambo lisilotabirika, jinsi mtu anavyojihesabu kuwa peke yake au kuwa kiungo cha jamaa. Kitabu alichokitoa mwaka 1980 kilithibitisha kwa hesabu jambo ambalo manahodha walilijua kwa uzoefu, kwamba amri ile ile ikitolewa katika bandari mbili huzaa vitendo viwili.

Hata hivyo namshukuru Hofstede bila ya kumfuata mpaka mwisho wa njia. Katika jedwali lake, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilitiwa katika fungu moja likaitwa Afrika Mashariki, nalo likapewa alama moja moja kana kwamba mkulima wa Gojjam, mvuvi wa Kilwa na mchimba shaba wa Kitwe ni ndugu wa tumbo moja. Fauka ya hayo, waliojibu walikuwa makarani na mafundi wa kampuni moja, wala si taifa zima. Desturi si alama ya kuzaliwa nayo ambayo haifutiki. Ni mazoea yaliyopatikana kwa sababu, na sababu zikibadilika, mazoea nayo hubadilika. Wanafunzi wangu, mtu akiwaambia kwamba watu fulani hawawezi kazi fulani kwa kuwa ndiyo desturi yao, muulizeni kwanza ni nani aliyewafundisha, na kwa masharti gani.

Sasa turudi nyumbani, tuangalie nguo. Mwaka 1833, huko Maskati, Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba na Marekani ulioweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zao, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem katika Massachusetts, akafungua ofisi yake Unguja. Kwa nini Unguja? Kwa sababu pembe, sandarusi na ngozi za bara zilikusanyika pale. Kwa sababu majahazi ya kaskazi yalifika pale. Na kwa sababu forodha ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Jairam Shivji, ambaye Waters aliona haraka kwamba bila ya kushirikiana naye hapati hamali wala shehena. Mahali pale, kwa hiyo, palikuwa ni watu na mapatano yao zaidi kuliko maji na mawe ya bandari.

Nguo waliyoileta Wamarekani ilikuwa bafta ngumu isiyopaushwa, nayo ikapendwa mpaka ikachukua jina la kwao: merikani. Lakini haikupendwa kwa kuwa ni ya kigeni. Ilipendwa kwa kuwa ni nzito, inastahimili kufuliwa, na jora lake lilikatwa bila ya ugomvi kuwa shuka na doti, vipimo ambavyo misafara ilivitumia kulipia vibarua na hongo mpaka Unyamwezi na Ujiji. Mfanyabiashara aliyeleta nguo nyembamba, au ushanga wa rangi iliyokwisha kupitwa na wakati katika njia fulani ya bara, alikaa nao ghalani ukamwozea. Barua zilivuka bahari kwenda Salem kueleza nini kinatakiwa na nini hakitakiwi, na mitambo ya Massachusetts ikasuka kwa ladha ya mtu wa Tabora ambaye mwenye mtambo hakuwahi kumwona. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba baina ya 1861 na 1865, nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi ile, nazo zikaitwa merikani vile vile. Mtengenezaji alikwenda, kipimo cha mwenyeji kikabaki.

Hapa naomba tusijisifu kupita kiasi. Mwenyeji aliitawala ladha, naam, lakini kitanda cha mfumi kilikuwa ng'ambo, na faida ya kusuka ikabaki ng'ambo pamoja na maarifa ya kusuka. Khanga ya bibi yangu nayo ni hivyo hivyo: kiwanda cha mbali kilinyenyekea mbele ya hukumu ya mwanamke mmoja wa Mombasa, kikapiga chapa maneno kisiyoyaelewa, lakini hapakuwa na kijana hata mmoja wa mtaa wetu aliyejua kuchanganya ile rangi. Mnunuzi ana mamlaka ya kukataa, nayo ni mamlaka ya kweli. Lakini anayejua kukataa tu bado hajawa fundi.

Je, maarifa yenyewe yanaweza kuhama, au yamefungwa katika damu ya taifa lililoyazaa? Toyota ilipozaliwa mwaka 1937, iliota mizizi katika mji wa Koromo hata mwaka 1959 mji ule ukabadilisha jina na kuitwa Toyota. Watengeneza vipuri walikaa jirani, na kutokana na ujirani huo ukastawi utaratibu wa kuleta kila kipuri saa kinapohitajika, pasina ghala kubwa. Wengi wakasema kwamba utaratibu ule ni wa Kijapani na hautaota pengine. Kisha mwaka 1984 Toyota ikaungana na General Motors kukifungua tena kiwanda cha Fremont, California, kilichofungwa mwaka 1982 kwa ubaya wa kazi yake, ambako utoro ulikaribia asilimia 20. Wakawaajiri kwa wingi wafanyakazi wale wale wa zamani, wenye chama kile kile, na mamia yao wakapelekwa kiwanda cha Takaoka huko Ujapani wakafanye kazi bega kwa bega na wenzao.

Waliporudi walikuta kamba iliyoning'inia juu ya mstari wa kazi. Zamani kuusimamisha mstari ule kulikuwa kosa la kumfukuzisha mtu. Sasa aliyeona parafujo imekaa upande alitakiwa avute kamba, kiongozi wake aje, wasaidiane, na ikibidi kazi yote isimame. Magari ya Fremont yakawa miongoni mwa bora ya Marekani. Mmarekani hakugeuzwa Mjapani. Aliaminiwa, akafundishwa kwa mkono, na akapewa haki ya kusema kwamba hapa pana kasoro. Lakini General Motors ilipojaribu kuupeleka utaratibu huo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, ulikataa kushika, kwa kuwa kamba ilipelekwa bila ya ile imani iliyoifanya ivutike. Desturi ya kazi huhama pamoja na watu waliokaa na kufundishana, wala haihami ndani ya kasha.

Mfano wangu wa mwisho uko mifukoni mwenu. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, yenye makao yake Newbury, Uingereza, kwa msaada wa fedha za serikali ya nchi hiyo na pamoja na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilianza majaribio nchini Kenya ya kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Hayo ndiyo yaliyokusudiwa. Lakini wenyeji walikuwa na haja yao: waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari wakazitoa wafikapo, ili wasipande matatu na noti mfukoni, na wakawatumia wengine. Watu wa Newbury walikuwa na busara ya kutazama na kusikia, na huduma ilipozinduliwa mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, mkopo ulikuwa umewekwa kando, na shabaha ikawa ni kutuma pesa nyumbani.

Neno nyumbani lina uzito. Mfanyakazi wa Nairobi ana nyumba mbili, ya kupanga mjini na ya wazee shamba, na wajibu wake kwa hiyo ya pili si hisani bali ni deni. Kabla ya hapo bahasha yake ilipelekwa na kondakta wa basi au na jirani anayekwenda likizo, ikafika au isifike. Mkumbukeni wakala wa miaka ile ya mwanzo: mezani alikuwa na daftari lililochakaa ambamo aliandika jina, namba ya kitambulisho na kiasi, naye mteja alitia saini; wakala alijulikana mtaani, na floti, yaani fedha yake ya kufanyia miamala, ikimwishia alimwambia mteja ukweli na kumwelekeza kwa mwenzake. Ujuzi wa mitambo ulitoka Uingereza. Uaminifu ulikuwako dukani tangu zamani.

Huduma ile ile ilipopelekwa Afrika ya Kusini mwaka 2010 haikustawi, na mwaka 2016 ikafungwa. Si kwamba watu wa huko hawawapendi wazazi wao. Walio na akaunti za benki walikuwa wengi, sheria iliitaka huduma itembee mkono kwa mkono na benki, na palikuwa na njia nyingine za kutuma fedha. Haja haikuwa ile, wala pengo halikuwa lile. Katika Kenya, kwa upande mwingine, Benki Kuu iliangalia kwa makini bila ya kuizuia, na uamuzi huo wa wenyeji una sehemu yake katika kila shilingi iliyotumwa.

Lakini tazameni lililofuata, kwa kuwa ndipo M-Pesa inapoachana na merikani. Kwa miaka mingi mitambo iliyohesabu fedha zetu ilikaa Ujerumani. Mwaka 2015 ikahamishiwa Kenya. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika ya Kusini zikainunua kutoka Vodafone haki ya jina la M-Pesa na kazi ya kuiendeleza. Vodafone bado ina hisa kubwa katika Vodacom, wala sitawaambia kwamba mgeni amekwenda zake. Nawaambia kwamba sehemu kubwa ya fikra inayoamua huduma hiyo iwe nini mwakani imehamia katika mji ambao mteja wake anaishi; nalo ni jambo ambalo merikani haikutupa katika miaka yake yote.

Basi hilo ndilo jembe ninalolisema. Serikali zetu zikiketi na kampuni ya kigeni huuliza itaajiri watu wangapi na italipa kodi kiasi gani, na maswali hayo ni ya haki; lakini aghalabu husahau kuuliza ni kazi gani ya akili itakayofanywa hapa, na ni nani atakayeketi karibu na nani mpaka aijue. Na sisi wa vyuoni tunalo letu, kwani mwenyeji asiyejichunguza hana la kumfundisha mgeni. Wanafunzi wangu, nendeni masokoni, forodhani na vibandani kwa mawakala, mkaandike kwa lugha yetu jinsi watu wetu wanavyoaminiana, wanavyokopeshana na wanavyodaiana. Maana kama hatukuyaandika sisi, yataandikwa na mwenye haja ya kutuuzia.

Bibi yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki, nami ninayo khanga yake moja, ambayo alinisomesha jina lake mara tatu kabla ya kuikubali. Yeye alijua kukataa, na kwa kujua huko aliwatiisha watu wa ng'ambo ya bahari. Kizazi changu kilimsomea. Kizazi chenu natamani kiwe ndicho kinachochonga chapa.