Minazi Arobaini na Mitatu: Habari za Kulitafuta Shamba la Mzee Wetu



Nimeagizwa na halmashauri ya yubile niseme habari za watu wa kwanza wa kanisa letu. Wenzangu wamekwisha kunena habari za majengo na kengele, nao wamezinena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nitasema habari za shamba moja tu, nalo ni shamba la baba wa babu yangu, huko Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wajukuu zake wamo humu ndani, na habari hii iliwatia baadhi yao uchungu. Wenyewe wamenipa ruhusa niseme kwa sharti hilo.

Jambo lilianza kwa ugomvi. Vijana wetu walikuta katika sanduku la bati la marehemu ndugu yangu karatasi kuukuu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, imekunjwa mara nne, na pembe zake mbili zimeliwa na mchwa. Wakampelekea karani mmoja mjini, naye akawafasiria: ni hati ya shamba la minazi, mashariki yake njia, magharibi yake mikoko. Wakaenda kupima kwa miguu, wakaona ya kuwa maneno hayo yaangukia uani mwa jirani yetu, ambaye amekaa pale na watoto wake miaka arobaini. Wakachanga fedha, wakamlipa wakili, wakawa tayari kumshitaki yule jirani aondoke. Nami nikawaomba jambo moja: wanipe miezi mitatu kabla ya kwenda barazani.

Nalianza kwa shangazi yangu, kwa kuwa karatasi yaweza kuliwa na mchwa, na mzee akifa hakuna nakala yake. Shangazi hajui miaka ya kalenda. Nilipomwuliza, "Babu yako alinunua lini?" alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema, "Baada ya njaa ya Magunia, aliporudi kazi ya reli, reli ilipokwisha fika ziwani." Sasa walimu tazameni jinsi maneno hayo yalivyo na hesabu ndani yake. Njaa ya Magunia ni ile ya mwaka 1898 hata 1900, watu walipolishwa mchele uliokuja kwa magunia. Na reli ilifika ziwani, Kisumu, mwishoni mwa mwaka 1901. Basi kikongwe asiyejua kusoma alikuwa amenipa mwaka, ila kwa lugha yake. Akaongeza neno ambalo sikulielewa siku ile: "Babu alikuwa na minazi." Hakusema shamba.

Kutoka kwake nikaenda kwenye kitabu cha ubatizo. Hapo nalishindwa kwa majuma mawili, kwa maana mzee wetu alipewa katika ubatizo jina la mtume mmoja, na karibu kila ukurasa una watu wawili au watatu wenye jina hilo. Nalipoteza siku nyingi kwa wazee wa watu wengine. Ndipo nikakumbuka ya kuwa watu hawa walikuwa na majina matatu. La kwanza ni la kwao, walilopewa na mama zao, Uyao au Unyasa au kwingineko. La pili ni la utumwani, nalo mara nyingi ni la siku au la bahati: Juma, Hamisi, Mabruki. La tatu ni la kanisani. Mtu huyu mmoja, ukimtafuta kwa jina moja tu, utampata theluthi moja.

Mzee wetu alikuwa miongoni mwa watoro waliokimbilia Rabai, ambako William Jones, mtu mweusi aliyelelewa na kufundishwa shule ya Nasik katika India, alikuwa akiwatunza. Mabwana wao walipodai warudishiwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza aliwalipa fidia, na siku ya 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikatolewa Rabai. Katika misheni zote za upande ule waliopata uhuru kwa njia hiyo walizidi 1,400. Mke wa mzee wetu alikuwa mmoja wao pia, na katika kitabu cha ubatizo jina lake limeandikwa kando ya la mumewe. Naye alikuwa na jina lisilo la kawaida. Kwa jina la mke nikampata mume. Na katika safu ya mwisho kasisi aliandika, kwa wino mwembamba, jina lake la zamani. Ndilo lililokuwa katika hati ya sanduku! Hata baada ya kubatizwa na kuwa mtu huru, aliyemwuzia na mashahidi walimjua kwa jina lile la utumwani, na mwandishi akaliandika vivyo hivyo: fulani, huru wa bwana fulani.

Hapo nikampelekea hati hiyo mwalimu wa chuo, Mwislamu, jirani yetu wa miaka mingi, ambaye tangu utoto amesoma herufi hizo kama sisi tusomavyo Injili. Aliisoma polepole, kidole chini ya mstari. Tarehe yake ni mwaka 1320 wa Hijra, mwaka ulioanza Aprili 1902 na kuisha Machi 1903. Shangazi hakukosa. Kisha akafika kwenye mipaka, akacheka. Hati haikusema mashariki wala magharibi. Ilisema: kibla, njia, suheli, mikoko. Pande mbili nyingine ndizo zilizoliwa na mchwa. Yule karani amesoma vitabu vya nchi ambazo Makka iko mashariki yao, akafasiri kibla kuwa mashariki. Na upande wa pili akauita magharibi, kwa kuwa ndio unaoelekeana nao. Lakini sisi tuko wapi? Makka iko kaskazini yetu, karibu sawasawa kabisa. Wazee wa pwani hii wakisema kibla wasema kaskazini, na suheli ni ile nyota kubwa ya kusini ambayo manahodha huifuata. Basi karani alilizungusha shamba zima kwa robo ya duara. Na kwa kuwa mkono wa bahari unapinda pale, mikoko iko kusini na magharibi pia, wala hakuna aliyeshuku. Jirani yetu alikuwa karibu kushitakiwa kwa ajili ya neno moja.

Lakini kujua ya kuwa shamba halikuwa pale si kujua lilikuwa wapi. Nikaenda kwenye afisi ya ardhi. Hapo nataka kuwaambia wale watakaofuata njia hii: katika afisi hizo mtu hatafuti kwa jina la babu yake, hutafuta kwa nambari ya kiwanja. Mimi sikuwa na nambari. Nikaomba ramani, nikaweka kidole pale njia ilipo kaskazini na mikoko ilipo kusini, nikaandika nambari za viwanja vyote vilivyo jirani, nikalipa ada ya kimoja kimoja.

Vitabu hivyo vilitokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani alete madai yake mbele ya Mwandishi wa Hati, na madai yakitangazwa na kuhakikishwa, alipewa cheti. Vyeti vilikuwa vya namna tatu: cha kumiliki, cha rehani, na cha haki nyingine iliyo juu ya mali. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wenye kusoma na wenye mawakili walidai. Watu wengi wa mashambani, Wamijikenda na watumwa wa zamani, hawakudai, na wajukuu zao wakaitwa maskwota katika nchi waliyozaliwa. Sheria ile iliondolewa mwaka 2012, lakini viwanja vingi vya pwani vingali vinasimama juu ya vyeti vyake.

Mzee wetu hakudai. Jina lake halimo, wala la utumwani wala la ubatizo. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari langu nilipofungua jalada la mwisho, la mtu ambaye hatukupata kumsikia. Madai yake yalieleza mipaka yake minne, na upande wa maghribi umeandikwa: minazi ya fulani, huru wa fulani. Ndiye! Mtu ambaye hakupata kuandikisha kitu alikuwa ameandikwa na jirani yake, kama mpaka. Hii ndiyo shauri yangu kubwa kwenu: ukimkosa babu yako katika hati zake, mtafute katika mipaka ya majirani zake.

Nikatafuta kiwanja kilicho maghribi. Cheti cha kumiliki kilitolewa kwa warithi wa yule bwana wa zamani. Nikarudi kwa mwalimu wa chuo, nikamwomba aisome hati tena neno kwa neno, naye akasoma: minazi arobaini na mitatu, miembe miwili, na haki ya kupita njiani. Udongo haukutajwa. Kwa desturi ya pwani miti ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, kama vile nyumba yaweza kusimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mzee wetu alinunua miti. Shangazi alikuwa amekwisha niambia.

Nawaita vijana, nikawasomea yote. Mmoja akatoka nje kabla sijamaliza. Mwingine akasema mzee alidanganywa. Mimi sidhani. Kwa macho ya leo, mtu anunuaye miti asinunue ardhi ni mjinga. Lakini siku zile minazi ndiyo iliyokuwa mali: nazi, mbata, makuti, tembo la mgema. Tena kumbukeni ya kuwa hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria za nchi hata mwaka 1907, na kabla yake bwana aliweza kudai mali ya mtumwa wake kuwa yake. Mtu huyu alichukua fedha ya reli akaenda kwa bwana yule yule aliyemkimbia, akalipa, akaandikiwa hati mbele ya mashahidi. Kwangu hiyo si habari ya mjinga. Lakini yule kijana aliyetoka nje bado hatujakubaliana, nami sitasema ya kuwa tumekubaliana.

Mashitaka yameondolewa. Wakili hakurudisha fedha yote. Jumamosi moja tulikwenda pale, shangazi akichukuliwa kwa gari. Minazi haiishi milele. Ile arobaini na mitatu imekwisha kufa, na juu ya mahali pake sasa ni nyumba za watu. Mwembe mmoja ungaliko, nyuma ya choo cha mtu, mnene kama pipa. Mwenye nyumba alituuliza tunatazama nini, tukamwambia; akaingia ndani, akatoka na kiti kwa ajili ya shangazi.

Hati yenyewe iko kwa shangazi. Nakala yake, pamoja na ukurasa wa kitabu cha ubatizo, nimeziweka mezani pale mlangoni. Na yeyote aliye na sanduku la bati nyumbani kwake, nitakuwapo Jumatano zote alasiri katika chumba cha walimu, na yule mwalimu wa chuo amekubali kuja.