Uzi Una Bei, na Mikono Pia



Juni na Julai baridi ya kwetu Makete haina mchezo. Mtoto akizaliwa, hufumiwa kofia na soksi. Ukihamia nyumba mpya, shangazi anakuletea vitambaa vya makochi. Tunashukuru, tunapiga picha, basi.

Mimi ni mhasibu, niruhusuni nipige hesabu. Seti ya vitambaa hula madonge ya uzi na jioni nyingi za kukaza macho. Uzi hununuliwa kwa fedha taslimu. Jioni hizo haziandikwi popote. Tumeziwekea sifuri, tukaziita upendo.

Upendo upo, ila dukani haununui uzi. Aliyekufumia zawadi, mpelekee walau uzi wa kufumia nyingine. Uliyemwagiza kazi, mlipe uzi na siku zake. Undugu usiwe punguzo.

Leo tunapiga mnada vitambaa walivyotuletea mama zetu. Atakayenunua ataandikwa kwenye orodha ya wachangiaji. Namwomba mweka hazina amwandike na aliyefuma, tena juu yake. Yeye ndiye aliyetangulia kuchanga.